Nimeruhusiwa kutoka wodi ya afya ya akili, sasa natafuta tiba ya kuacha kujidhuru

Pwani Njema (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na kitu, naishi Dar. Nimeruhusiwa juzi juzi baada ya kulazwa wodi ya afya ya akili kwa sababu ya kujidhuru. Sitaeleza nilikuwa najidhuru kwa njia gani, na nawaomba wachangiaji nanyi msieleze, maana humu kuna atakayesoma akiwa pabaya, na maelezo ya aina hiyo humchochea badala ya kumsaidia.

Nimeamua kuandika kwa sababu kabla ya kulazwa nilitafuta sana mtu aliyepita huko aniambie kukoje. Niliambulia hadithi za watu kufungwa kamba na kuchomwa sindano za kulala wiki nzima. Hofu hiyo ilinifanya nikae na hali yangu nyumbani muda mrefu kuliko ilivyofaa. Kwa hiyo acha nieleze nilichokiona mimi.

Nilifika na mama na mjomba. Daktari alituhoji sote, kisha akawaomba watoke. Akaniuliza bila kuzungukazunguka: unapojiumiza, unataka kufa au unataka maumivu ya ndani yapungue? Umewahi kupanga kujiua? Ni nini kimekuzuia hadi leo? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilidhani maswali yale yangenizidishia mawazo, kumbe yalinitua mzigo. Nikamjibu ukweli: siku nyingi sikutaka kufa, nilitaka tu msukosuko wa moyoni utulie, ila siku za mwisho mambo hayo mawili yalikuwa yameanza kuchanganyika. Hapo ndipo aliposhauri nilazwe. Nilikubali mwenyewe, nikasaini.

Wodini muuguzi alikagua begi langu mbele ya mama, akaondoa vitu alivyoona si salama, akaviorodhesha, mama akarudi navyo nyumbani. Simu ilikuwa na saa zake. Dawa unameza mbele ya muuguzi, naye anahakikisha imeshuka. Asubuhi madaktari wanapita vitandani na wanafunzi wao. Ukisema hutaki kuzungumza mbele ya kundi, una haki hiyo. Mimi nilisema, wakanisikiliza pembeni. Mchana ni mrefu kweli. Unafua, mnasukana nywele, mnasubiri saa ya kutembelewa. Jirani yangu wa kitanda alikuwa mama aliyeanza kuugua baada ya kujifungua, na yeye ndiye aliyenionyesha wapi pa kuanikia nguo na muuguzi gani wa usiku husikiliza.

Siwezi kuwadanganya kwamba palikuwa patulivu. Kuna waliopiga kelele usiku, na kuna usiku nililia nikitaka kurudi kwetu. Lakini nilikula, nilioga na nililala kwa ratiba, mambo matatu ambayo nyumbani yalikuwa yamenishinda kabisa. Hakuna aliyenifunga kamba.

Sasa shida yangu. Wodi imenivusha, ila haikunifundisha nifanye nini saa tano usiku ile hamu inaponishika. Nimetoka na fluoxetine na tarehe ya kliniki, na nimeambiwa dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri. Ninachotafuta ni tiba ya mazungumzo kwa mtu anayeelewa mambo ya kujidhuru, si wa kuniambia nijipe moyo. Nimeulizia kwa watu binafsi, bei ya kila wiki siiwezi.

Jingine: kabla ya haya yote niliwahi kwenda kituo fulani kufungwa kidonda. Mhudumu akaniambia mbele ya foleni kwamba nawapotezea muda wenye shida za kweli, halafu akadai PF3, ile fomu ya polisi. Niliondoka. Je, naweza kushtakiwa? Na mama sasa analala mlangoni kwangu. Namwonea huruma na wakati huohuo napumua kwa shida.

Mchakamchaka

Pole sana dada. Nafuatilia, nina mdogo wangu ana hali hiyo.

Baba Swafi

Binti yangu, pole. Bila kumlaumu mtu, mambo haya mengine ni ya kiroho. Usimwache Mungu, tafuta watu wa dua wakusomee. Dawa za hospitali zinalaza tu.

Nesi wa Usiku

Baba Swafi, dua ni nzuri na wagonjwa wangu wengi zinawashika. Ila naomba usimwambie aache dawa. Dawa hii aliyoitaja si ya kumlaza mtu, na kuiacha ghafla kunaweza kumrudisha alikotoka. Shehe au mchungaji mwenye busara humwombea mgonjwa na kumwambia arudi kliniki. Hayo mawili hayagombani.

Dada Pwani Njema, mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya akili miaka mingi. Nianze na PF3. Ile ni fomu ya polisi kwa majeraha, na baadhi ya wahudumu huiomba kwa kila jeraha wanaloona bila kufikiri. Kidonda kinafungwa kwanza. Ukidaiwa fomu kabla ya kuhudumiwa, omba umwone mganga mfawidhi au muuguzi wa zamu, useme kwa sauti ya kawaida kwamba unatibiwa kliniki ya afya ya akili. Daftari la kliniki litembee nawe.

Kuhusu kushtakiwa: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kinazungumzia kujaribu kujiua, na wewe mwenyewe umeeleza kwamba mara nyingi hukuwa na nia hiyo. Upande wa pili tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayomtambua mtu kama wewe kuwa mgonjwa anayestahili kutibiwa, na anayeweza kulazwa kwa hiari yake. Mimi binafsi naona kile kifungu kinafukuza watu hospitalini. Nimeona ndugu wakisema "ameanguka bafuni" huku mgonjwa akiangalia chini, na daktari anatibu anguko ambalo halikutokea.

Tiba ya mazungumzo ipo serikalini, ila haikufuati kitandani, lazima uiulizie. Siku ya kliniki mwambie daktari kwa maneno haya: "Naomba kuonana na mwanasaikolojia tiba." Muhimbili wapo, na chuo chao hufundisha fani hiyo. Kwa walio mikoani, waanze hospitali ya rufaa ya mkoa, na wakihitaji zaidi kuna Mirembe pale Dodoma. Watu wanadhani Mirembe ni ya kuachwa milele. Mtu huenda, hutibiwa, hurudi kwao. Tanga kuna hospitali ya akili ya Lutindi, juu milimani Korogwe.

Gharama zikikushinda, usiishie dirishani. Muulize ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kazi yake mojawapo ni kuangalia nani astahili msamaha.

Mchakamchaka

Nesi, samahani, na ukikutana na mwanasaikolojia asiyekufaa?

Nesi wa Usiku

Unabadilisha. Mkutano wa kwanza nawe unamhoji. Muulize kama amewahi kumsaidia mtu anayejidhuru, mtakutana mara ngapi, na atafanya nini ukimwambia umerudia. Akijibu swali la mwisho kwa ukali au kwa vitisho, tafuta mwingine. Na muulize lini atalazimika kuvunja siri yako. Mtaalamu wa kweli atakueleza mapema kwamba maisha yako yakiwa hatarini atamhusisha mtu mwingine.

Mama wa Kiambu

Nawasalimu kutoka Kenya. Binti yangu alilazwa akiwa na miaka kumi na sita, kwa hiyo nitazungumzia upande wa mama anayelala mlangoni.

Mimi pia nililala mlangoni. Niliondoa kila kitu, nikaondoa hata mlango wa chumba chake. Mshauri nasaha wake aliniita akaniambia kwa upole kwamba kuondoa vitu hatari na kufungia dawa ni sawa, niendelee. Lakini mtoto akiona kila jicho ndani ya nyumba linamkagua mikono, atajifunza kuficha vizuri zaidi. Tukakubaliana mambo ya kufanya. Jioni namwuliza swali moja tu: leo hali iko wapi, kati ya sifuri na kumi? Akisema saba au zaidi, tunakaa sebuleni pamoja bila mahojiano, tunakata sukuma wiki au tunatazama habari. Akisema tatu, namwacha alale. Siku ya kwanza alinijibu nane na sikupiga yowe, ndiyo siku aliyoanza kuniamini.

Kitu kingine nilichoambiwa: ukimwona amejidhuru, safisha kidonda kwanza, umpeleke hospitali ikihitajika, na mazungumzo ya kwa nini yasubiri. Nilikuwa nauliza "umenifanyia hivi kwa nini?" kana kwamba alinifanyia mimi.

Kuhusu sheria, kwetu kulikuwa na kifungu cha 226 kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Walioenda kortini ni pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Nililia siku hiyo nikikumbuka vile nilivyosita pale mapokezi nikiogopa polisi.

Kwa Wakenya wanaosoma: Msalaba Mwekundu wana nambari 1199, ni bure. Na ukitafuta mshauri, hakikisha amesajiliwa na bodi ya washauri na wanasaikolojia iliyoundwa na sheria ya 2014. Siku hizi kila mtu anajiita mshauri. Hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, ipo tangu 1910, na bado watu wa mtaani hulitaja jina lake kama tusi, lakini daktari wa kwanza aliyemsikiliza binti yangu hadi mwisho nilimpata katika hospitali ya umma.

Mtu wa Leeds

Mimi ni Mtanzania, nauguza wodi ya akili huku Uingereza. Swali lako la saa tano usiku ndilo swali lenyewe, na lina tiba iliyobuniwa kwa ajili yake, kwa Kiingereza inaitwa DBT (dialectical behaviour therapy).

Mwanasaikolojia wa Kimarekani aitwaye Marsha Linehan, wa Chuo Kikuu cha Washington, ndiye aliyeibuni. Mwaka 1991 alichapisha majaribio yake kwa wanawake waliojidhuru mara kwa mara, na waliopata tiba hiyo walipunguza kujidhuru na siku za kulazwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Miaka 20 baadaye, 2011, alisema hadharani jambo ambalo wengi hawakulijua: yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili huko Hartford, Connecticut, mwaka 1961 akiwa na miaka 17, kwa sababu ya kujidhuru, akakaa humo zaidi ya miaka miwili. Namtaja kwa sababu wagonjwa wangu huniuliza kama kuna mtu alitoka huko akawa mtu wa maana.

Tiba yenyewe kwa kawaida huchukua mwaka: mara moja kwa wiki unakutana na mtaalamu wako, na mara moja unakaa na kundi kujifunza stadi nne. Kuyatambua yaliyopo bila kuyahukumu, kuistahimili dhiki bila kuiongeza, kuzituliza hisia, na kuzungumza na watu ukaheshimiwa. Si rahisi kuipata kamili Dar, lakini mwanasaikolojia tiba anaweza kukufundisha sehemu zake. Mtajie tu kwamba unataka kujifunza stadi za kustahimili hamu.

Hamu hupanda kama maji ya bahari, hujaa, kisha hukupwa yenyewe. Ikiwa imejaa mtu huamini haitashuka kamwe. Kazi ya dakika zile ni kuvuka bila kujiumiza. Osha uso kwa maji baridi sana huku umezuia pumzi kidogo, mapigo ya moyo hushuka (mwenye ugonjwa wa moyo amwulize daktari wake kwanza). Tembea haraka uani hadi upumue kwa nguvu. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko unavyoivuta. Toka chumbani uende walipo watu, hata kama hutazungumza.

Hamu ikishapita, ndipo mnachora mnyororo. Kilichotangulia ni nini? Ulikuwa umekula? Umelala? Nani alisema nini, ukawaza nini, mwili ulihisi nini, kisha nini kikafuata? Mnatafuta pete moja tu ambayo ingeweza kukatwa.

Huku mgonjwa akiruhusiwa, timu inatakiwa imfuate ndani ya saa 72, kwa sababu siku na wiki za kwanza baada ya wodi ndizo zenye hatari kubwa. Wengi wetu tunadhani kuruhusiwa maana yake umepona. Kama hospitali haikufuati, jipangie mwenyewe: nani atakupigia kesho, nani keshokutwa. Andika kwenye karatasi dalili zako za mwanzo, mambo unayoweza kufanya peke yako, watu wa kwenda kukaa nao, watu wa kuwaambia ukweli, na hospitali ya kukimbilia. Mama awe na nakala.

Bi Kizimkazi

Unguja wapo mabibi waliofundishwa kukaa na watu kwenye benchi wakawasikiliza, mpango ulioanzia Zimbabwe na daktari Dixon Chibanda. Mimi nilisikilizwa hapo wakati wa sonona. Kwa hali nzito kama yako dada, hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu ndiko kwenye madaktari, usiishie benchini.

Pwani Njema (mleta mada)

Wakuu, sijui niwashukuruje. Nimemsomea mama ujumbe wa Mama wa Kiambu. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Haya, sasa hivi ni ngapi?" Nikasema tano. Akahamisha godoro akarudi chumbani kwake, ila ameacha mlango wazi. Tumekubaliana dawa azitunze yeye.

Mtu wa Leeds, nimejaribu huo mnyororo. Jumapili hamu ilinishika. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Kwenye kundi la familia ndugu mmoja akaandika, "Yule mgonjwa wetu anaendeleaje?" na watu zaidi ya thelathini wakaweka alama za kusali. Nikawaza kwamba wote wanajua. Uso ukawaka moto, nikajifungia. Nilipoandika hayo yote kwenye karatasi nikaona kwamba siku zote nilikuwa nalaumu udhaifu wangu, na kumbe aibu ndiyo inayofika kwanza, tena ikinikuta na njaa. Niliosha uso, nikaenda kukaa jikoni na mama. Hamu haikuisha, ilipungua, nikalala nayo. Nimetoka kwenye lile kundi. Mjomba atakuwa ananipa habari za misiba na harusi.

Kliniki nimemwambia daktari kwa maneno ya Nesi kama yalivyo. Amenipangia mwanasaikolojia tiba, kila baada ya wiki mbili. Nilitaka kila wiki, ila naanza na hiki. Ofisa ustawi naye amechukua maelezo yangu.

Kimya_F3

Naomba kuuliza. Niko kidato cha tatu, bweni. Najidhuru na hakuna anayejua. Nimesoma uzi wote. Nikisema shuleni watanifukuza.

Pwani Njema (mleta mada)

Mdogo wangu, asante kwa kuandika. Nimefurahi umesema, japo ni kwetu tusiokujua. Nakuuliza kama nilivyoulizwa mimi: unawaza kufa? Kama ndiyo, au kama una kidonda hivi sasa kinachohitaji kutibiwa, usingoje tumalize kuchangia. Mwamshe matroni, sema neno moja tu, "naumwa, nipeleke hospitali." Usibaki peke yako usiku huu.

Nesi wa Usiku

Nakazia. Na kuna namba 116, ya watoto, hailipiwi, unaweza kuomba simu kwa mwalimu unayemwamini ukasema unataka kumpigia ndugu. Watakusikiliza. Mtu mzima mmoja anatosha kuanzia. Si lazima awe mkuu wa shule. Fikiria nani, tangu umfahamu, hajawahi kukucheka ukilia.

Kimya_F3

Siwazi kufa. Ni shangazi. Yuko mji huuhuu.

Mama wa Kiambu

Basi mwambie shangazi, mwanangu. Huna haja ya kueleza yote. Mwambie: "Kuna jambo linanishinda, najiumiza, naomba unipeleke hospitali, na usinigombeze kwanza." Sentensi ya mwisho usiiache. Mimi ningeambiwa hivyo mapema, ningejua la kufanya.

Kimya_F3

Nimemwambia. Alilia lakini hakunigombeza. Amekuja kuniombea ruhusa na nimelala kwake. Jumatatu tunaenda hospitali ya mkoa. Pale mapokezi nitasema nini mbele ya watu?

Nesi wa Usiku

Mapokezi sema unahitaji kliniki ya afya ya akili, inatosha. Sababu humwambii mtu wa dirishani, utamwambia daktari ukiwa ndani. Ukiona maneno yatakwama, yaandike leo kwenye karatasi: ulianza lini, mara ya mwisho lini, na nini hutangulia. Umpe aisome. Shangazi aingie nawe mwanzoni, kisha uombe muda wa peke yako na daktari. Bebeni kadi ya bima kama ipo, na mfike mapema. Kama kliniki hiyo haipo Jumatatu, msirudi nyumbani, ombeni umwone daktari wa kawaida siku hiyohiyo na akupe tarehe.